Mimi Simo: Je, Nchi Ndogo Inaweza Kukaa Nje ya Vita?



Swali la leo ni la vita na mataifa, lakini usilikimbie, maana ukilisogeza karibu utaona linakuhusu hata wewe ambaye hujawahi kushika bunduki. Swali lenyewe ni hili: nchi ndogo, iliyozungukwa na wakubwa wenye silaha, inaweza kweli kusema "mimi simo" na ikabaki haimo?

Wahenga walishatuambia kwamba wapiganapo tembo, nyasi ndizo huumia. Ni kweli kabisa. Ila hawakutuambia nyasi zifanye nini. Zijiegemeze kwa tembo mmoja? Zijifanye hazioni? Yote mawili yamejaribiwa katika historia, na matokeo yake yana mengi ya kutufundisha. Twende taratibu.

Kwanza tuelewane maana

Watu wengi wakisikia nchi "haiegemei upande wowote" wanafikiri maana yake ni kukaa kimya na kukunja mikono. Kumbe jambo hili lina sheria zake. Mwaka 1907 mataifa yalikutana The Hague, Uholanzi, yakaandika haki na wajibu wa nchi isiyoshiriki vita. Nchi hiyo haipeleki askari wake kumsaidia yeyote. Hairuhusu majeshi ya wapiganaji kupita katika ardhi yake. Serikali yake haiwapi silaha. Ikizuia raia wake kuuza silaha nje, zuio liwe sawa kwa pande zote. Na ardhi yake haitakiwi kuguswa. Akija mtu kuigusa, inaruhusiwa kumzuia kwa nguvu, na hilo halihesabiwi kuwa imeingia vitani.

Umeona hapo? Nchi isiyoegemea upande inaweza kuwa na jeshi, tena jeshi kali. Uswisi, ambayo tutaizungumzia sana leo, mpaka sasa inawaita vijana wa kiume jeshini kwa mujibu wa katiba yake. Kwa hiyo tusichanganye jambo hili na msimamo wa mtu anayekataa silaha zote kwa sababu ya dhamiri yake. Hapa tunaongelea nchi inayosema: nina ngao yangu, nitailinda nyumba yangu, lakini ugomvi wenu siuingii.

Karatasi haikuzuia mizinga

Tuanze na walioshindwa. Mwaka 1839, huko London, mataifa makubwa ya Ulaya yalitia sahihi mkataba kwamba Ubelgiji itakuwa nchi isiyoegemea upande wowote daima, na wao wenyewe wataheshimu hilo. Prussia, dola ambayo baadaye iliongoza kuundwa kwa Ujerumani, ilikuwa mmoja wa watia sahihi. Basi Wabelgiji wakaishi na ahadi hiyo kwa miaka 75.

Tarehe 2 Agosti 1914 Ujerumani ikaiandikia Ubelgiji: tunataka kupita kwako kwenda kuipiga Ufaransa, una saa 12 za kujibu. Ubelgiji ikajibu hapana. Tarehe 4 Agosti majeshi yakavuka mpaka. Kabla mwezi haujaisha, mji wa Louvain, wenye chuo kikuu cha Kikatoliki cha miaka mingi, ulichomwa moto pamoja na maktaba yake. Balozi wa Uingereza mjini Berlin aliripoti kwamba Kansela wa Ujerumani aliuita ule mkataba kipande cha karatasi tu.

Unaweza kusema hayo ni mambo ya Wazungu. Hapana, ndugu yangu, sikiliza. Mwaka 1885, pale Berlin walipokutana kupanga mambo ya kuligawana bara letu, waliweka vifungu vinavyosema kwamba eneo kubwa walilolipa jina la bonde la Kongo, na wakalivuta hadi Bahari ya Hindi, lingeweza kuwekwa nje ya vita ikiwa wakubwa watapigana. Sehemu kubwa ya Afrika Mashariki yetu ilikuwa ndani ya eneo hilo. Ila ilihitajika pande zote mbili zinazopigana zikubali. Tarehe 8 Agosti 1914 meli ya kivita ya Uingereza ikakipiga mizinga kituo cha simu ya upepo cha Dar es Salaam. Novemba mwaka huo damu ikamwagika Tanga. Vita vikazunguka huku kwetu mpaka tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya bunduki kunyamaza Ulaya, Jenerali Lettow-Vorbeck aliposalimisha silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia.

Na waliolipa ni akina nani? Jina la Kariakoo linatukumbusha. Limetokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, wale watu waliobebeshwa mizigo ya majeshi porini na kufa kwa makumi ya maelfu, kwa njaa na kwa kuhara kuliko kwa risasi. Hakuna aliyewauliza kama wao wamo au hawamo.

Vita vya pili vilipokuja hali ikawa ileile. Tarehe 9 Aprili 1940 Ujerumani iliingia Denmark na Norway. Tarehe 10 Mei ikaingia Uholanzi, Ubelgiji na Luxembourg. Nchi zote tano zilikuwa zimetangaza kwamba hazimo.

Somo la kwanza, basi, ni hili: kutokuwamo hakutegemei neno lako peke yako. Kunategemea pia kama jirani yako mwenye nguvu anaona faida kukuacha. Ukisema "simo" na yeye akasema "umo", neno lake litafika mlangoni kwako likiwa limevaa buti.

Aliyepona, na jinsi alivyopona

Sasa tumtazame aliyepona. Uswisi ilitambuliwa na mataifa makubwa ya Ulaya kuwa nchi isiyoegemea upande wowote daima mwaka 1815, baada ya vita vya Napoleon. Vita Kuu zote mbili zilipita pembeni yake. Katika vita vya pili, baada ya Ufaransa kuanguka Juni 1940, Uswisi ilijikuta imezungukwa pande zote na Ujerumani, Italia na washirika wao. Ilikuwa na watu milioni 4 na kidogo tu.

Waswisi walijiandaa kweli. Mwaka 1939 waliita jeshini watu zaidi ya 400,000. Jenerali wao, Henri Guisan, aliwakusanya makamanda wake katika uwanda wa Rütli tarehe 25 Julai 1940, akawaambia kwamba nchi itajilinda, na kwamba kama tambarare zikichukuliwa, jeshi litajichimbia milimani kwenye Alps. Mahandaki ya reli yanayopenya milima hiyo yaliwekewa baruti tayari kulipuliwa. Mashamba yakalimwa hadi kwenye bustani za mijini ili watu wasife njaa.

Huo ni ushujaa, na tusiudharau. Lakini ukiishia hapo unasimulia nusu ya habari. Mahandaki yaleyale yaliyowekewa baruti ndiyo yaliyopitisha makaa ya mawe ya Ujerumani kwenda Italia. Viwanda vya Uswisi viliuza mizinga na vifaa vingine kwa Ujerumani. Na Benki ya Taifa ya Uswisi ilinunua kutoka benki kuu ya Hitler dhahabu yenye thamani ya faranga bilioni 1.2 hivi, ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa imeporwa kutoka benki kuu za nchi zilizovamiwa, Ubelgiji na Uholanzi zikiwamo. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Kwa hiyo ukiuliza kwa nini Hitler hakuivamia Uswisi, jibu halina sababu moja. Milima na jeshi vilimfanya ahesabu gharama. Reli na faranga zilimfanya aone faida. Nchi ilipona kwa kuwa ngumu kuimeza na wakati huohuo kuwa na manufaa ikiachwa hai.

Je, ni dhambi hiyo? Tusikimbilie kuhukumu. Kiongozi mwenye raia milioni 4 mikononi mwake, aliyezungukwa kila upande, asiye na makaa ya mawe ya kupasha nyumba joto majira ya baridi, ana haki ya kufanya biashara ili watu wake waishi. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mimi naona hapo kuna nafasi ya huruma. Jambo linalonikosesha usingizi liko kwingine. Liko mpakani.

Bili ilipelekwa kwa nani?

Mwaka 1938, baada ya Hitler kuimeza Austria, Wayahudi walianza kukimbilia Uswisi kuokoa maisha yao. Uswisi ilitaka kujua nani ni Myahudi kati ya wenye pasipoti za Kijerumani. Baada ya mazungumzo kati ya serikali hizo mbili, Ujerumani ikaanza kupiga muhuri wa herufi J kwenye pasipoti za Wayahudi. Ikawa rahisi kumtambua mtu mpakani na kumgeuza. Mwaka 1942, mwaka ambao treni za kwenda Auschwitz zilikuwa zimeshaanza safari, mamlaka za Uswisi ziliamuru kwamba anayekimbia kwa sababu ya asili yake tu, yaani kwa kuwa Myahudi, asipewe hifadhi. Waziri aliyehusika, Eduard von Steiger, aliifananisha nchi yake na mashua ndogo ya kuokolea watu, ambayo tayari ina abiria wengi na chakula kidogo.

Tuwe wa haki: Uswisi ilipokea watu karibu 300,000 kwa nyakati mbalimbali za vita, wakiwamo askari waliokimbia na watoto waliokuja kupumzika kwa muda. Wayahudi zaidi ya 20,000 walipona humo. Lakini maelfu walirudishwa. Wengine walikamatwa hatua chache baada ya kugeuzwa. Miaka mingi baadaye tume ya wanahistoria iliyoundwa na Uswisi yenyewe, chini ya Jean-François Bergier, ilichunguza jambo hilo na kueleza kwamba haikuona dalili kuwa kufungua mpaka zaidi kungeiletea nchi uvamizi au njaa isiyobebeka. Mwaka 1995 rais wa Uswisi, Kaspar Villiger, aliomba radhi hadharani kwa ajili ya ule muhuri wa J.

Hebu rudi kwenye zile sheria za The Hague tulizotaja mwanzo. Tafuta humo kifungu kinachosema nchi isiyoegemea upande lazima imfukuze mkimbizi. Hakipo. Kumpa mtoto wa Kiyahudi kitanda si kumpa mpiganaji silaha. Uswisi ingeweza kubaki nje ya vita na bado ikafungua mlango zaidi. Amani ilikuwa na bili, na sehemu ya bili hiyo ikapelekwa kwa mtu asiye na sauti, asiye na pasipoti safi, aliyesimama kwenye theluji.

Kuna mtu mmoja aliyelitambua hilo mapema. Anaitwa Paul Grüninger. Wapenzi wa kandanda mtampenda: ujanani alichezea timu ya SC Brühl iliyochukua ubingwa wa Uswisi mwaka 1915. Baadaye akawa kamanda wa polisi wa mkoa wa St. Gallen, mpakani mwa Austria. Mpaka ulipofungwa mwaka 1938, yeye aliendelea kupokea wakimbizi, na kwenye hati zao akaandika tarehe za nyuma ili ionekane waliingia kabla ya amri. Aliokoa mamia ya watu, na wapo wanaohesabu maelfu. Mwaka 1939 alifukuzwa kazi na kupoteza pensheni yake, mwaka uliofuata mahakama ikamtia hatiani. Aliishi kwa kubangaiza mpaka akafa mwaka 1972. Mahakama ilimsafisha mwaka 1995, miaka 23 akiwa kaburini.

Kwa tendo lake hakuna jeshi lililovuka mpaka. Hakuna risasi iliyopigwa. Nchi yake ilibaki nje ya vita kama ilivyokuwa jana yake. Tofauti ni moja tu: bili iliyokuwa inapelekwa kwa mkimbizi, yeye aliichukua akailipa mfukoni mwake.

Nchi ndogo kuliko zote

Tusiwanyoshee Waswisi kidole tukasahau nyumbani. Sisi Wakatoliki tunayo nchi ndogo kuliko zote duniani, Mji wa Vatikano, hekta 44 tu. Mkataba wa Laterano wa mwaka 1929, katika kifungu cha 24, unaitaja kuwa eneo lisiloegemea upande na lisiloguswa. Tarehe 16 Oktoba 1943, Wajerumani wakiwa wameushika mji wa Roma, waliwakamata Wayahudi zaidi ya 1,000 karibu kabisa na kuta za Vatikano na kuwapeleka Auschwitz. Waliorudi hai walikuwa wachache sana, hawakufika hata 20. Papa Pius XII hakusimama hadharani kulaani tukio hilo kwa jina. Wakati huohuo, nyumba za watawa na parokia za Roma zilikuwa zinawaficha Wayahudi kwa maelfu, na waliokuwa wakifanya hivyo walijua wanaweza kufa.

Je, Papa alinyamaza ili kuwalinda waliofichwa, au alipaswa kusema hata kama gharama ingekuwa kubwa? Wakatoliki wema na wasomi wanabishana mpaka leo, na mwaka 2020 Papa Fransisko aliruhusu nyaraka za upapa huo zifunguliwe ili ukweli utafutwe. Mimi nachukua jambo moja hapo: yale malango ya watawa yaliyofunguliwa usiku. Nchi inaweza kukaa kimya, lakini ndani ya ukimya huo mtu anaweza kufungua mlango au kuufunga, na Mungu anaona ni kipi amefanya.

Kuhani, Mlawi na Msamaria

Sasa fungua Injili ya Luka sura ya 10. Tunaisoma mara nyingi mpaka tumeizoea, lakini leo isome na swali letu mkononi. Mtu ameshambuliwa na wanyang'anyi, ameachwa nusu mfu. Kuhani anapita, Mlawi anapita. Je, hao wawili waliegemea upande wa wanyang'anyi? Hapana. Hawakumpiga yule mtu, hawakumuibia. Kwa hesabu zao, hawakuwamo.

Na Msamaria je? Tazama vizuri: yeye pia hakupigana. Hakuchukua upanga kuwafuata wanyang'anyi msituni. Ukipima kwa silaha tu, wote watatu walikaa nje ya vita. Kilichowatenganisha ni kwamba Msamaria alisimama akalipa: mafuta yake, divai yake, punda wake, dinari zake mbili, na ahadi ya kulipa zaidi akirudi. Wale wawili amani yao ya safari ililipwa na mtu aliyelala barabarani.

Hapo ndipo napata jibu langu. Kanisa halitulazimishi kuingia kila vita. Kinyume chake, Katekisimu (KKK 2309) inaweka masharti magumu sana kabla ya silaha kuweza kuhalalishwa, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano unawakumbusha viongozi wajibu wao wa kuwalinda watu waliokabidhiwa. Nchi ndogo inayokataa kupeleka watoto wake kufa katika ugomvi wa wakubwa haitendi dhambi. Inaweza hata kuwa baraka. Mtakatifu Nikolaus wa Flüe, msimamizi wa Uswisi, aliwahi kuwa askari na hakimu, kisha akaenda kuishi kama mkaapweke huko Ranft. Mwaka 1481 washirika wa nchi yake walipokuwa karibu kuchinjana pale Stans, paroko wa mahali hapo alimkimbilia usiku kutafuta shauri, akarudi na ujumbe wake, nao wakapatana. Walimsikiliza kwa sababu hakuwa mtu wa upande wowote. Hata leo Uswisi inafikisha ujumbe kati ya Marekani na Iran, ambazo hazina balozi kwa kila mmoja; imefanya kazi hiyo tangu mwaka 1980. Na Msalaba Mwekundu ulizaliwa Geneva mwaka 1863. Mtu aliyekaa nje ya ugomvi anaweza kuingia na bandeji pale ambapo mwenye bunduki hawezi.

Lakini kutoegemea upande kati ya majeshi ni jambo moja, na kutoegemea upande kati ya anayeumiza na anayeumizwa ni jingine. La kwanza linaweza kuwa hekima. La pili ndilo la Pilato na bakuli lake la maji.

Mwalimu Nyerere, Mtumishi wa Mungu, alilielewa hilo. Tanzania ilikataa kufungamana na kambi ya Magharibi au ya Mashariki, lakini haikukaa katikati kati ya mkoloni na mtawaliwa. Kamati ya Ukombozi ya nchi huru za Afrika ilikaa Dar es Salaam tangu mwaka 1963. Desemba 1965 Tanzania ilivunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia, ikapoteza mkopo wa pauni milioni 7.5 iliokuwa inauhitaji sana. Iliumia, ndiyo. Lakini ililipa yenyewe.

Basi, inawezekana?

Dunia ya leo inazidi kuwa ngumu kwa wasiotaka upande. Baada ya Urusi kuivamia Ukraine mwaka 2022, Finland iliingia NATO mwaka 2023 na Sweden mwaka 2024, baada ya miaka karibu 200 ya kukaa nje ya miungano ya kivita. Uswisi ilifuata vikwazo vya Umoja wa Ulaya dhidi ya Urusi, ila ikakataa Ujerumani isiipe Ukraine risasi zilizotengenezwa Uswisi. Wengine wanasema imevuka mstari, wengine wanasema inajificha nyuma ya mstari. Kila mmoja ana hoja.

Jibu langu ni kwamba nchi ndogo inaweza kubaki nje ya vita, kwa muda, Mungu akiijalia jirani mwenye hesabu na raia wenye moyo. Haiwezi kubaki nje ya gharama. Gharama lazima ilipwe na mtu. Kwa hiyo swali la kuiuliza nchi yoyote inayosema "mimi simo" ni hili: amani yako inalipwa na nani? Kama inalipwa na wewe mwenyewe, kwa kulinda mpaka wako, kwa kukosa faida uliyoweza kuipata, kwa kumlisha mkimbizi, basi hiyo ni amani ya Msamaria. Kama bili umempelekea yule aliyelala barabarani, basi umo vitani tayari. Bunduki tu ndiyo huna.

Na wewe je? Katika bweni kuna mmoja anayechekwa kila siku. Kwenye kundi la WhatsApp la vijana wa parokia kuna dada anayechafuliwa jina. Nyumbani wajomba wamemdhulumu mjane shamba la marehemu mumewe. Na wewe unasema, "Mimi simo, mambo yao hayo." Si lazima uingie kupigana. Si lazima uandike matusi ya kujibu matusi. Lakini uliza ukimya wako unalipwa na nani. Mara nyingi mwanzoni mwa Misa tunaungama pia dhambi za kutotimiza wajibu. Tusiyapite maneno hayo haraka.

Wiki hii chukua ugomvi mmoja ulioamua kukaa nje yake. Usiubadilishe msimamo wako kwa pupa. Tafuta kwanza nani anaumia humo, kisha fanya jambo moja kwa ajili yake, jambo litakalokugharimu kidogo: muda, pesa ya nauli, au sifa yako mbele za rafiki.

Tusali: Ee Yesu, Mfalme wa Amani, wewe hukushika upanga, wala hukupita upande wa pili wa barabara. Utupe hekima ya kukaa nje ya vita vya wakubwa, na moyo wa kulipa wenyewe gharama ya amani yetu. Uwakumbuke waliorudishwa mipakani, na wapagazi wetu waliokufa bila majina. Amina.